Umekata ncha lakini matawi ya pembeni hayatoki inavyotakiwa: kutafuta chanzo

Anayekata ncha ya mmea hutarajia machipukizi yatoke kwenye makwapa ya majani, na mmea uliokuwa ukirefuka tu uanze kujaa na kupanuka. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Hata hivyo si ajabu kukuta shina limekaa kimya muda mrefu baada ya kukatwa, au tawi moja tu la juu limeinuka na kushika nafasi ya ncha iliyoondolewa, au machipukizi yametoka mengi lakini yote membamba, yasiyoweza kubeba ua wala tunda. Kila dalili kati ya hizo ina vyanzo vyake, na kabla ya kuzipitia ni vyema kushika jambo moja: kukata ncha hakuumbi macho mapya, yaani vile vinundu vya kwapani ambamo machipukizi hutokea, wala hakuupatii mmea chakula, bali kunaondoa kizuizi kilichokuwa kikiyalaza macho ambayo tayari yapo. Kwa sababu hiyo, karibu kila tatizo linalotokea baada ya kukata hupata jibu kwa kuuliza macho yako wapi, yako katika hali gani, na yanapata nini.

Kinachoendelea ndani ya shina

Majani machanga yaliyo nchani hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka shinani ikipita kwenye seli hai kwa mwendo wa takriban sentimita 1 kwa saa. Mwaka 1933 wanasayansi Kenneth Thimann na Folke Skoog walionyesha, wakitumia mimea ya Vicia faba (aina ya maharage makubwa) iliyokatwa ncha, kwamba oksini ikiwekwa juu ya kidonda macho ya chini huendelea kulala kana kwamba ncha bado ipo. Linalowashangaza wengi ni kwamba oksini hiyo inayoshuka kutoka juu haiingii kwenye jicho lenyewe. Hufanya kazi yake ikiwa shinani: hupunguza utengenezaji wa sitokinini, ambayo ni homoni ya kuamsha macho, na huchochea utengenezaji wa strigolaktoni, homoni ambayo kazi yake ya kuzuia matawi ilibainishwa mwaka 2008. Zaidi ya hayo, jicho linapoanza kukua huhitaji kupitisha oksini yake lenyewe kwenda shinani, na shina lililokwisha kujaa oksini ya ncha halina nafasi ya kuipokea.

Sukari nayo ina sehemu yake, na kwa mtu mwenye mkasi mkononi huenda hiyo ndiyo sehemu muhimu zaidi. Ncha inayokua huvuta sukari nyingi kutoka kwenye majani. Utafiti uliofanywa kwenye njegere na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba macho yaliyo mbali na kidonda huanza kukua saa chache tu baada ya ncha kukatwa, mapema kuliko upungufu wa oksini unavyoweza kuyafikia, kwa kuwa sukari iliyokuwa ikielekea nchani hugeukia kwao. Maana yake ni kwamba mmea usio na sukari ya ziada, ama kwa sababu uko kwenye kivuli kizito ama kwa sababu umeachiwa majani mawili tu, unaweza kukatwa ncha kwa ustadi wote na bado macho yake yakakosa cha kuyaamsha.

Dalili ya kwanza: siku zinapita na hakuna kinachoota

Anza na muda. Mimea laini inayokua haraka, kama mrehani, nyanya na pilipili, huonyesha machipukizi yanayoonekana bila shida ndani ya wiki moja hivi ikiwa kuna joto na mwanga wa kutosha, ilhali mimea ya miti huchukua wiki kadhaa, na miti inayolala majira ya baridi ikikatwa mwishoni mwa msimu inaweza kungoja hadi msimu mpya uanze. Usihukumu kwa kusimama mbali. Inama, shika jani la juu kabisa lililobaki, livute chini taratibu na utazame kwapani pake. Jicho lililolala ni kinundu kidogo kama punje ya ulezi, kimekandamizwa kwenye shina na mara nyingi kina rangi iliyokolea kuliko shina lenyewe. Likianza kuamka huvimba, hubadilika kuwa kijani cha kung'aa, huachana na shina kwa pembe ndogo, na vijani viwili vilivyokuwa vimefumbana huanza kufunguka kwenye kilele chake. Ukiliona katika hali hiyo, acha mmea uendelee na usiongeze chochote.

Kama macho hayajabadilika kabisa, chunguza iwapo ncha iliondolewa kweli. Ushauri wa kukata "kidogo tu juu" ndio unaowapotosha wengi, kwa sababu ncha halisi ya kukua ni ndogo mno na imejificha katikati ya majani ambayo hayajafunguka, hivyo mtu huweza kukwanyua majani mawili makubwa ya juu na kuiacha ncha salama. Dalili yake ni kwamba makovu ya majani yaliyokwanyuliwa hubaki nyuma huku shina likiendelea kupanda juu yake. Kwa mimea laini suluhisho ni kubana kwa kidole gumba na cha shahada juu kidogo ya kifundo (mahali jani linapoungana na shina) kilicho chini ya kishada cha majani machanga, ili kishada chote kiondoke. Mgomba ni mfano wa pekee: ukikatwa kabla ya kutoa mkungu hutokeza jani jipya katikati ya kidonda, kwa kuwa kile kinachoonekana kuwa shina ni mashina ya majani yaliyofungana, na ncha yenyewe imo chini, karibu na ardhi.

Chanzo cha tatu ni kizito zaidi, nacho ni kukata mahali ambapo chini yake hakuna macho. Mche wa maharage una macho kwenye makwapa ya majani yake ya mbegu na kuendelea juu. Ukikatwa chini ya majani hayo ya mbegu, kipande cha shina kilichobaki hakina jicho hata moja, na mche huo hautarudi. Mnazi una ncha moja tu, na macho yaliyo kwenye makwapa ya makuti yake hutoa maua wala si matawi, kwa hiyo kukata ncha ya mnazi ni kuua mnazi. Misonobari mingi nayo haioti tena kwenye sehemu ya tawi iliyokwisha kupukutisha majani, hivyo mkato unapaswa kuishia mahali penye majani mabichi. Katika hali zote hizi hakuna mbolea wala dawa itakayosaidia, na ni afadhali kukubali mapema na kupanda mche mwingine.

Kama macho yapo na ncha imeondoka, geukia chakula. Kwangura gome kwa ukucha mahali padogo karibu na kidonda: ukiona kijani chenye unyevunyevu shina li hai na lina uwezo, na ukiona rangi ya kahawia iliyokauka shuka chini hadi ufikie kijani, ukate tena hapo juu kidogo ya kifundo. Shina likiwa hai lakini limetulia mno, tazama mizizi. Mizizi yenye njaa ya fosforasi hutengeneza strigolaktoni kwa wingi zaidi, na matokeo yake ni kwamba mmea huzuia matawi yake wenyewe, jambo lenye mantiki kwa kiumbe kisicho na uwezo wa kulisha matawi hayo. Uhaba wa naitrojeni huleta matokeo ya namna hiyohiyo, kwa kuwa naitrojeni ikiwepo udongoni mizizi huongeza sitokinini. Mmea uliokosa maji, uliohamishwa juzi, au unaosongwa na chungu kidogo unapaswa kutatuliwa shida hiyo kwanza. Kuukata ncha ukiwa katika hali hiyo ni kuupunguzia majani wakati unayahitaji mno.

Dalili ya pili: tawi moja la juu linatawala

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote. Ncha imekatwa, jicho la juu kabisa limeamka, limesimama wima, na baada ya muda mfupi mmea unaonekana kama haujawahi kuguswa isipokuwa kwa kipinda kidogo shinani. Chanzo chake hakihitaji kutafutwa mbali. Jicho lililo karibu zaidi na kidonda huwa na nafasi ya kwanza: linapoanza kukua hutoa oksini yake lenyewe, huvuta sukari kuelekea kwake, na kwa njia hizo mbili huwa ncha mpya inayoyalaza yaliyo chini yake. Kwa maneno mengine, mmea umefanya kile ulichoumbwa kufanya, na kosa, kama tunaweza kuliita kosa, ni kutarajia mkato mmoja umalize kazi.

Mpangilio wa majani huamua ukali wa tatizo hili. Mimea yenye majani yanayokabiliana wawiliwawili kwenye kila kifundo, kama mrehani na mnanaa, huwa na macho mawili ya kimo sawa chini ya kila mkato, hivyo hutoa angalau matawi mawili yenye nguvu zinazolingana. Mimea ambayo majani yake hupishana, kama nyanya na waridi, huwa na jicho moja kwenye kila kifundo, na jicho hilo la juu hupata ushindi mapema.

Tiba ya kwanza ni kukata tena. Tawi linalotawala likishafikisha majani matatu au manne, libane ncha, na safari hii macho ya chini, ambayo mara nyingi yalikwisha kuvimba kidogo katika ile nafasi fupi ya mwanzo, hupata muda wa kujiimarisha. Wanaotunza mrehani vizuri hurudia hivyo kwa kila kizazi cha matawi. Tiba ya pili ni kuinamisha. Tawi au shina likilazwa karibu na usawa wa ardhi na kufungwa hapo, macho mengi yaliyo upande wake wa juu huamka kwa pamoja, hata bila kukata ncha, na ndiyo sababu mizabibu na waridi zinazotambaa hufungwa kwa kulala. Kuinamisha kuna faida moja ambayo mkasi hauna, nayo ni kwamba majani yote hubaki kazini.

Tiba ya tatu ni kwa mimea ya miti peke yake, na inahitaji mkono mtulivu. Chagua jicho lililolala mahali unapotaka tawi litoke, kisha juu yake tu, umbali wa milimita chache, kata gome hadi kufikia mbao ngumu iliyo chini yake bila kuingia ndani ya mbao hiyo, mkato usiozidi theluthi moja ya mzingo wa shina. Mkato huo hukatiza mkondo wa oksini unaoshuka kuelekea jicho hilo bila kuugusa mkondo wa upande mwingine. Hufanya kazi vizuri zaidi ukifanywa kabla kidogo ya msimu wa kuchipua. Jihadhari usiukate chini ya jicho, kwa sababu hapo utakuwa umeacha oksini ya juu ikipita kama kawaida.

Dalili ya tatu: machipukizi ni mengi lakini membamba na marefu

Hapa zuio limeondoka, macho yameamka, na tatizo limehamia kwenye mgawanyo. Kiasi cha sukari kinachotengenezwa na majani yaliyobaki kinagawanywa kwa machipukizi kumi badala ya moja, na kila moja linapata kidogo. Chagua matatu hadi matano yaliyo manene na yaliyoelekea pande tofauti, yaondoe mengine yakiwa bado machanga, na usisite, kwa maana kila siku yanayobaki hula kile ambacho hayatarudisha.

Kivuli huzidisha dalili hii kwa njia ambayo haionekani kwa macho. Majani hufyonza mwanga mwekundu na kuuachia ule mwekundu wa mbali, ulio ukingoni mwa mwanga unaoonekana, upite, hivyo mwanga unaotoka kati ya mimea iliyosongamana huwa na upungufu wa ule wa kwanza na wingi wa ule wa pili. Mmea una uwezo wa kupima uwiano huo, na ukiona dalili za majirani hurefusha pingili zake na kuyalaza macho ya pembeni, ukikimbilia juu kutafuta jua. Kwa hiyo mimea iliyopandwa kwa kubanana hukataa kutoa matawi hata ikikatwa ncha, na yale yanayotoka huwa na pingili ndefu na majani madogo. Tatizo hilo hutatuliwa kwa kuipa nafasi, wala si kwa mkasi. Kuongeza mbolea ya naitrojeni mahali penye mwanga hafifu ni kuongeza urefu usio na nguvu.

Mara nyingine chanzo ni haraka tu: mtu hubana ncha kila baada ya siku chache, kabla matawi ya mzunguko uliopita hayajakomaza hata jozi mbili za majani. Mmea wa namna hiyo haujapata muda wa kulipa deni la mkato uliotangulia.

Dalili ya nne: kisiki kinakauka au kuoza

Kipande cha pingili kilichoachwa juu ya kifundo cha mwisho hakina jicho la kukivutia maji na chakula, hivyo hukauka, na ukavu huo ukiwa na bahati mbaya ya kukutana na unyevu na vimelea hushuka hadi kwenye jicho lenyewe. Kata karibu nusu sentimita juu ya kifundo. Ukikaribia zaidi unahatarisha jicho. Mkasi butu husaga shina badala ya kulikata. Usafi nao una uzito wake, hasa kwa nyanya na tumbaku, kwa kuwa virusi vya batobato huhamia kutoka mmea hadi mmea kwa vidole na vifaa, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni na usafishe mkasi kabla ya kuhamia mstari mwingine.

Dalili ya tano: matawi yanatoka lakini hayaelekei yanakotakiwa

Mibuni inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kila kwapa la jani kwenye shina lake la wima lina macho kadhaa yaliyopangwa kwa safu. Jicho la juu kabisa katika safu hiyo hutoa tawi la kulala, lile linalozaa, na hutoa mara moja tu. Yaliyo chini yake, yakiamshwa, hutoa maotea yanayosimama wima. Ndiyo maana mbuni uliokatwa kilele haujazi matawi mapya ya kuzaa shinani kama wengine wanavyotazamia. Hutoa maotea, na maotea hayo yasipoondolewa mapema yanaurudisha mti kwenye urefu uleule uliokimbiwa. Tawi la kulala likivunjika kwenye shina, pengo lake kwenye kwapa hilo halizibwi na tawi jingine la namna yake. Vilevile kipandikizi kilichochukuliwa kwenye tawi la kulala huendelea kukua kwa kulala, hata kikioteshwa peke yake. Mti wa Araukaria una tabia inayofanana: ukipoteza ncha, matawi yake ya pembeni hayainuki kuchukua uongozi, na kiongozi mpya lazima atoke kwenye shina lenyewe.

Dalili ya sita: mmea umejaa lakini maua hayaji

Kuchelewa ni kawaida, kwa kuwa tawi jipya lazima lijenge majani yake kwanza. Tatizo halisi huanza pale ncha iliyokatwa ilipokuwa ndiyo yenye ua. Alizeti ya ua moja haina kingine cha kutoa kinachofanana na kile kilichoondolewa. Mwembe hutoa maua hasa kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, kwa hiyo wakati mwafaka wa kuukata ncha ni mara tu baada ya mavuno, ili machipukizi yapate muda wa kukomaa kabla ya msimu wa maua. Aina fupi za nyanya, ambazo shina lake hukomea kwenye kishada cha maua, hupoteza mazao zikibanwa. Mumunye huenda kinyume: shina lake kuu hutoa maua mengi ya kiume, na yale ya kike hupatikana zaidi kwenye matawi ya pembeni, hivyo kuukata ncha huleta matunda.

Dalili ya saba: matawi yanatoka bila ncha kukatwa

Hapa ulizia nani aliyeikata. Viwavi wanaotoboa machipukizi huua ncha ya miti kama mikangazi, na mti ulionyooka hugawanyika kuwa mashina mawili au matatu. Tafuta tundu dogo na unga wa kinyesi chini ya sehemu iliyonyauka. Baridi kali hufanya kazi hiyohiyo kwa usiku mmoja. Tumbaku, ncha yake inapogeuka kuwa ua na hasa ua hilo likiondolewa, husukuma maotea kutoka karibu kila kwapa, kwa hiyo mkulima anayekata maua bila mpango wa kuondoa maotea hapati ongezeko analolitarajia kwenye majani.

Kama machipukizi yamesongamana kwa makumi mahali pamoja, majani yake ni madogo na ya manjano, na pengine maua yamegeuka kijani, shuku fitoplazma, vimelea vinavyoenezwa na wadudu wanaofyonza utomvu. Mmea huo hauponi shambani. Ung'oe na udhibiti wadudu hao. Kama badala yake ncha imekufa na kuwa nyeusi, majani yaliyo chini yake ni manene na huvunjika kwa urahisi, na machipukizi ya pembeni yanatoka kisha nayo yanakufa ncha moja baada ya nyingine, dalili hizo huelekeza kwenye uhaba wa madini ya boroni. Pima udongo au majani kabla ya kuiongeza, kwa sababu kati ya kiasi kinachotosha na kiasi kinachodhuru kuna nafasi ndogo mno, na boroni ikizidi huunguza kingo za majani ambayo machipukizi mapya yanayategemea.